Uzi Usio na Ncha

Jiki ilimwagwa nyumbani kwa kina Xiong asubuhi ile mpaka paka wa jirani akahamia ng'ambo ya barabara. Aliyeshika chupa ni Bibi Blia. Wala hakuwa anapima, alikuwa anamwaga tu kama anamwagilia mchicha, na kila akimaliza chumba anasimama mlangoni, ananusa, anatikisa kichwa, anaanza upya.

"Mama, inatosha," Maiyer akamwambia mama mkwe wake huku machozi yanamchuruzika. "Tutakufa kabla mgeni hajafika."

"Tutakufa safi."

Maiyer akacheka, halafu akakumbuka kuwa siku yenyewe si ya kucheka. Mgeni aliyekuwa njiani ni Nesi Solveig, mshauri wa afya na usalama wa vituo vya kulelea watoto. Na kituo chenyewe ni hicho hapo: sebule ya chini ya nyumba yao pale Saint Paul, Minnesota, zulia la rangi ya majani, vitanda viwili vya watoto wachanga, viti vidogo vya plastiki, na theluji imefika usawa wa dirisha. Maiyer alikifungua kwa mikono yake baada ya kumaliza chuo, na alikipenda jamani, alikipenda mpaka akawa anaota nyimbo za watoto.

Sasa kilikuwa kinaning'inia. Kabla ya Krismasi alikuja mkaguzi wa kaunti, Bibi Blia akiwa sokoni, akamkuta mtoto Oskar amelala na uzi mweupe mkononi, ncha moja ya uzi iko mdomoni. Mkaguzi hakugomba. Aliandika tu. Alichoandika ni hiki: waite mshauri, warekebishe, halafu atakuja mkaguzi mwingine bila taarifa, na akikuta mambo ni yale yale, leseni ya kulea wachanga inafutwa. Na bila wachanga hakuna kituo, maana wale watoto wakubwa peke yao hawalipii hata gesi ya kupashia nyumba joto. Maiyer angerudi kiwanda cha bata mzinga, kwenye chumba cha barafu, glavu mpaka kwenye viwiko, digrii yake ya makuzi ya watoto iko kwenye fremu ukutani inamwangalia akitoka alfajiri.

"Mama, nisikilize vizuri," akasema. "Huyu ni mshauri. Mkaguzi ni mwingine."

"Anakuja kuangalia nyumba yangu, haji?"

"Anakuja."

"Ataandika, haandiki?"

"Ataandika kidogo, lakini..."

"Basi ni mkaguzi. Umekaa chuo miaka yote ile kujifunza kunichanganya mimi?"

Bibi Blia akaweka chupa chini, akaanza kazi ya pili, yaani kuficha. Kinu chake cha pilipili, kile kisu chake kirefu cha kukatia mifupa, vyungu vya majani ya dawa, gunia la mchele, mafuta ya kuchulia ya menthol, vyote vikaingia bafuni, ndani ya sinki la kuogea, pazia likavutwa. Kuku mzima aliyekuwa anayeyuka barafu kwa ajili ya wikendi naye akapelekwa huko huko.

Mumewe Maiyer, Toufue, aliyetoka kuendesha gari la kusukuma theluji barabarani tangu alfajiri, akateremka ngazi amevaa shati lake la harusi. Kitufe cha tumboni kilikuwa kinaomba msaada.

"Nani amekuvalisha hivyo?" Maiyer akamuuliza.

"Mama. Kasema nionekane mtu mwenye leseni."

"Na usipumue," Bibi Blia akaongeza. "Kitufe kikiruka kikaingia mdomoni mwa mtoto, tutaandikiwa na hicho."

Zikabaki nyuzi. Hapo Bibi Blia hakuwa na mzaha. Ilianza hivi: Oskar alianguka kwenye kochi majira ya majani kupukutika, hakuumia, lakini akawa halali, analia tu, anashtuka. Bibi Blia akasema roho ya mtoto imeruka kwa hofu, imebaki nje. Akasimama mlangoni na yai na mchele, akaiita irudi, akamfunga Oskar uzi mkononi ili isitoke tena. Siku ile ile mtoto akalala kama gogo. Kirsten, mama yake Oskar, mwanamke mrefu mwenyeji wa hapo hapo Minnesota ambaye hakuwa ameona usingizi kwa wiki nzima, alilia kwa furaha, akasema uzi usiguswe. Tangu hapo kila mtoto aliyeingia kwenye nyumba ile alifungwa wake.

"Siukati," Bibi Blia akasema. "Ukikata uzi umeifungulia roho mlango." Akachukua soksi, akawavalisha wachanga wote wawili mikononi, Oskar na Gaonou, mpaka viwiko. Wakawa kama mabondia.

* * *

Nesi Solveig akaingia, akavua viatu, akavuta pumzi, na papo hapo uso wote ukawa mwekundu. Alikuwa mama mtu mzima mwenye nywele fupi za mvi, begi la mgongoni, tochi mkononi, na sweta lenye picha za kulungu.

"Samahani sana," akasema akikohoa, "naomba kama haitawasumbua..." Na bila kungoja akapita chumba hadi chumba anafungua madirisha. Baridi ya Januari ikaingia kama imealikwa.

Bibi Blia akamtazama mkwewe. "Hiyo ni sheria?" akauliza kwa Kihmong, lugha yao ya nyumbani.

"Sijui, Mama. Nyamaza."

Wakamkalisha mgeni mezani. Jamani, ile meza! Kuku wa kuchemsha na majani, wali wa kunata wa zambarau, rolu za kukaanga zenye nyama ndani zimepangwa kama matofali, na pilipili yake pembeni. Bibi Blia alikuwa ameamka nazo.

"Kula," akasema.

"Oh, hapana, asante, nimeshiba," Nesi Solveig akasema.

"Kula."

"Kweli hapana, msijisumbue."

Bibi Blia akarudisha mkono taratibu. Kwake yeye, anayekataa chakula mara mbili amekuja na ubaya. Hakujua kwamba watu wa kule kina Nesi Solveig wamelelewa kukataa mara mbili ili waombwe mara ya tatu, ndipo wale mpaka sahani ing'ae. Mara ya tatu haikuja. Nesi akabaki anaziangalia zile rolu kwa jicho la upendo, na familia nzima ikabaki imekaa kama iko polisi.

Aliyevunja ukimya ni Ingrid, mmoja wa wale watoto wakubwa wa kituoni, wa miaka mitatu, mwenye mikia miwili ya nywele na mdomo usio na kufuli.

"Unataka kuona bafu?"

"Ingrid, njoo tuchore," Maiyer akasema haraka.

"Bibi kaweka kisu bafuni. Na kuku. Kuku anaoga."

Toufue akapumua. Kitufe kikaruka, kikagonga bilauri, kikabingirika chini ya meza, na Maiyer akajikuta amepiga magoti anakitafuta kwenye zulia mbele ya mgeni, huku mgeni naye amepiga magoti upande wa pili, vichwa vimekaribiana.

"Nimekipata," Nesi akasema kwa upole. Akakiweka kwenye kiganja cha Maiyer. "Hebu tukamwone huyo kuku."

Pazia likavutwa. Kisu, kinu, gunia, dawa, na katikati yao kuku, miguu juu, amejilaza kama bosi. Maiyer alitamani sakafu ipasuke. Alikaa darasani akafundishwa mambo yote haya, akafaulu, na sasa ona.

Nesi Solveig akakaa kwenye ukingo wa lile sinki.

"Dada Maiyer, mwambie mama hivi. Mimi sio mkaguzi. Sina mamlaka ya kumfungia mtu hata kabati. Ninachokiona hapa nakifanyia kazi na nyinyi, basi. Ila nikiona kilichopambwa tu, nitawasaidia kupamba. Nikiona kibaya chenyewe, nitawasaidia na hicho. Kwangu msifiche."

Maiyer akatafsiri. Bibi Blia akasikiliza, kisha akacheka kicheko kifupi.

"Mtu atoke kwake kwenye theluji, aje aone uchafu wangu, na asinishtaki? Huyo ni nani, mama yangu aliyefufuka?"

"Amesemaje?" Nesi akauliza.

"Anashukuru sana."

Wakaanza. Na lazima isemwe, Nesi yule alijua kazi yake na hakuwa na kiburi nayo. Jiki, kijiko kidogo kwenye chupa ya maji, tena inatengenezwa upya kila siku, na watoto wakiwa chumba kingine. Kisu na dawa, kabati la juu lenye kufuli. Kuku, kwenye friji, chini kabisa, na bafu lisuguliwe kabla mtoto hajaingia. Kabati la vitabu likazwe ukutani kwa skrubu, na hapo Toufue akapata heshima yake, maana alikwenda kuchukua drili mbio. Mablanketi yakatoka vitandani. Mtoto mchanga alale chali, peke yake, kwenye gauni lake la kulalia lililoshonwa chini kama mfuko.

Halafu Nesi akasimama juu ya kitanda cha Oskar. "Na soksi za mikononi?"

Oskar mwenyewe akajibu. Alikwisha kuitafuna soksi ya kulia mpaka ikalowa, akaivuta kwa ufizi wake, ikatoka. Uzi ukaonekana, umelegea, una ncha ndefu. Na mbele ya macho yao wote Oskar akausukuma ule uzi kwa vidole vinene, ukapita kwenye kiganja, ukatoka mzima mzima, ukaingia mdomoni.

Haikuchukua hata muda wa kusema jina lake. Akakohoa mara moja, macho yakatoka. Bibi Blia ndiye aliyefika kwanza. Kidole chake kikaunasa uzi kwenye kona ya mdomo, akauvuta wote, umelowa mate, mrefu kiasi cha kidole chenyewe na zaidi. Oskar akapiga kelele za hasira, kanyang'anywa chake.

Bibi Blia akabaki ameushika.

Nesi Solveig hakusema "mmeona?" Alimpapasa Oskar mgongoni, akangoja mpaka kelele ziishe. "Uzi huu ni wa nini?" akauliza, na aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Maiyer akamweleza yote, yai, mchele, usingizi wa Oskar. Nesi hakucheka hata kidogo. Akasema, "Sitaki kumwondolea mtoto kinachomlinda. Lakini hauwezi kuwa kitu cha kuvutika. Uzi ukae, ila usikae mkononi."

Maiyer akatafsiri hilo neno kwa neno, akaona uso wa mama mkwe unajifunga.

"Mwambie ni sawa na kusema roho ikae, ila isikae mwilini."

Akaondoka, akapanda ngazi, akafunga mlango wake. Nesi Solveig akavaa buti zake kimya, akasema atarudi Jumanne ya juma lile lingine. Kule nje akasahau hata kuangalia nyuma; au labda alikuwa anafikiria rolu.

* * *

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa na baridi ya aina mbili. Ya kwanza ilikuwa ya ukimya wa Bibi Blia, aliyekuwa anapika, anaosha, anabeba watoto, lakini mkwewe anamsemesha kwa kupitia kwa Ingrid. "Ingrid, mwambie mama mwenye digrii chai ipo." Ya pili ilikuwa baridi kweli kweli, maana kila asubuhi watoto wakishafika, Bibi Blia alizunguka anafungua madirisha yote, anayaacha wazi, watoto wanacheza na makofia na makoti humo humo ndani.

"Mama, funga dirisha," Toufue akamwomba, pua imekuwa nyekundu. "Tunapasha joto mtaa mzima."

"Nesi ndiye aliyefungua. Mimi nani nifunge?"

Maiyer hakuwa na nguvu ya kubishania dirisha. Alikuwa anawaza nyuzi. Oskar alikuwa hana kitu mkononi sasa, na kama makusudi, alikuwa halali vizuri, anashtuka. Gaonou bado alikuwa na wake, na Bibi Blia alimkalia kama askari. Mkaguzi angeweza kubisha hodi dakika yoyote.

Kwa hiyo mchana mmoja, watoto wamelala, mama mkwe kaenda soko la Wahmong kununua majani, Maiyer akachukua mkasi. Akasimama juu ya Gaonou. Ni kitu cha sekunde moja, akajiambia, kata, tupa, na kituo kimepona. Akaingiza ncha ya mkasi chini ya uzi. Gaonou alikuwa anapumua kwa mdomo wazi, kiganja kimefunguka kama kinaomba. Maiyer akakumbuka mkono wake mwenyewe siku ya harusi, umejaa nyuzi nyeupe mpaka kiwiko, na Bibi Blia akifunga wake wa mwisho akamnong'oneza, "Huyu sasa ni wangu, asipotee." Mkono ukagoma.

"Kata basi."

Maiyer akaruka. Bibi Blia alikuwa mlangoni, kofia ina theluji, mfuko wa majani mkononi.

"Mama, sikuwa..."

"Kata. Si unajua kila kitu? Kata, halafu mama yake Gaonou akija umwambie umemfungulia mwanawe mlango."

"Na akisongwa nimwambie nini?" Maiyer akalipuka, kwa sauti ya chini ili watoto wasiamke, na ugomvi wa kunong'ona ni mbaya kuliko wa kelele. "Mama, ulimwona Oskar! Uliushika mwenyewe! Unadhani mimi sitaki walindwe? Mimi siogopi kiwanda tu. Naogopa siku ambayo kidole chako hakitawahi."

Bibi Blia akaweka mfuko chini. Akavua kofia, akakaa kwenye kiti cha plastiki cha mtoto, magoti yamefika kidevuni, na ghafla akaonekana mdogo.

"Na mimi namwona," akasema. "Nikifumba macho namwona anakohoa."

Madirisha wazi, theluji inaingia punje moja moja, inayeyuka juu ya zulia.

"Lete lile gauni jingine la Gaonou," Bibi Blia akasema.

"Lipi?"

"Lile la kulalia. La mikono mirefu. Na kikapu changu cha sindano. Na huo mkasi weka kule, unanitia kichefuchefu."

Maiyer akaleta. Mama mkwe akamwinamia Gaonou, na kwa kucha na meno, polepole, bila kumwamsha, akafungua fundo. Hakukata. Akaunyoosha uzi juu ya pindo la mkono wa gauni, pale pale unapozunguka kifundo cha mtoto, akachomeka sindano.

Wanawake wa Kihmong na sindano si jambo la kusimulia, ni la kuona. Kushona kwa Bibi Blia kulikuwa kudogo kiasi kwamba ukiangalia unaona kama kitambaa kimejichora chenyewe. Ule uzi mweupe ukalazwa, ukabanwa, ukapindwa ukawa konokono mdogo, halafu konokono wa pili, ukazunguka mkono wote ukarudi ulikoanzia, na mwanzo ukamezwa na mwisho.

"Nesi wako alisema usivutike," Bibi Blia akasema bila kuinua macho. "Ubaya ulikuwa ncha. Tafuta ncha hapo."

Maiyer akageuza gauni. Akatafuta nje, akatafuta ndani. Akapitisha kucha. Hakukuwa na ncha.

"Mama!"

"Usipige kelele, watoto wamelala. Lete la pili. Na wewe kaa ujifunze, mshono wako ni kama wa kufunga gunia."

Ikawa hivyo juma zima, kila watoto wakilala, vichwa viwili juu ya kikapu kimoja. Oskar alipovalishwa gauni lake jipya, lenye uzi mwingine aliofungiwa upya na maneno yake yote mlangoni, alilala mpaka Kirsten alipokuja kumchukua, na Kirsten akasimama pale na koti lake, hataki kumwamsha.

* * *

Jumatatu asubuhi, Maiyer yuko nyuma anawachezesha wale wakubwa kwenye theluji, kengele ikalia. Bibi Blia akafungua. Mlangoni palikuwa na mwanamke kijana mwenye miwani, begi mgongoni na tochi mkononi, na la kwanza alilofanya ni kuvua viatu.

Begi. Tochi. Viatu. Bibi Blia akaelewa mara moja: Nesi Solveig amemtuma mwenzake.

"Karibu! Karibu!" akasema kwa Kiingereza chake cha sokoni, akamshika mkono. "Leo sifichi kitu! Njoo uone kibaya."

Yule mwanamke akafungua mdomo ajitambulishe, lakini alikuwa keshavutwa. Ingrid, aliyekuwa na mafua na hivyo kabaki ndani, akajiunga kama mkalimani, maana alishika Kihmong cha jikoni kuliko Toufue.

"Hapa bafu," Bibi Blia akasema. "Zamani kisu hapa."

"Na kuku," Ingrid akasema.

"Na kuku. Sasa hapana. Sasa kisu juu, kufuli. Jaribu! Vuta! Ngumu, eh?" Akamvuta mgeni mpaka kwenye kabati la vitabu, akalisukuma kwa bega. "Zamani linacheza. Mtoto angekufa. Sasa mwanangu katia skrubu. Hapa, jiki. Zamani mimi namwaga mingi, mingi, sisi wote tunalia. Sasa kijiko."

Mgeni alikuwa ametoa kalamu. Anaandika. Bibi Blia akafurahi, huyu anaandika kwa bidii kuliko Nesi.

Maiyer akaingia na theluji kwenye kope, mkono huu mtoto, mkono ule mtoto, akasikia mama mkwe wake anasema kwa sauti ya mtu anayeonyesha picha za harusi, "Na hapa ndipo Oskar alimeza uzi!" Akageuka. Akaona kitambulisho cha kaunti kinaning'inia kifuani kwa mgeni.

"Mama," akasema kwa Kihmong, anatabasamu kwa meno tu. "Huyo ndiye mkaguzi."

Bibi Blia akakitazama kile kitambulisho, akamtazama mwanamke, akamtazama Ingrid kana kwamba Ingrid ndiye angejua la kufanya. Uso ukaanza kujikunja kwa aibu, na Maiyer, aliyemwona mama huyu akigombana na wauza samaki, hakuwahi kumwona hivyo. Halafu Bibi Blia akakaza mtandio wake kichwani.

"Nimeshasema nusu," akajibu. "Nikiacha hapa atajua nusu mbaya tu."

Akainama kitandani, akamnyanyua Oskar aliyekuwa ameamka anacheka na dari, akamleta karibu, akanyoosha ule mkono mnene wenye konokono weupe kwenye pindo.

"Uzi uko hapa," akasema. "Wa roho. Vuta."

Mkaguzi akasitasita. Akavuta kwa vidole.

"Hapana, vuta! Wewe hujala?"

Akavuta kwa kucha. Akaweka kalamu chini, akajaribu kuingiza ncha ya kucha chini ya mshono, mbele, nyuma, ndani ya pindo. Akamulika tochi. Oskar akafikiri ni mchezo, akaukamata mkono wa gauni, akautia mdomoni, akatafuna kwa nguvu zake zote. Wakasimama wote wanamwangalia anavyotafuna. Akatafuna, akachoka, akautema. Konokono walikuwa pale pale, wamelowa tu.

"Mimi," mkaguzi akasema polepole, "kila nyumba ninayoingia naonyeshwa sebule. Hii ni mara ya kwanza naonyeshwa makosa." Akaandika mstari mrefu. "Leseni ya wachanga inabaki."

Maiyer akakaa chini kwenye zulia na wale watoto wawili na makoti yao, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na wale watoto wakamlalia juu wakidhani ni mchezo mpya.

"Ila nina kosa moja la kuandika." Mkaguzi akajikumbatia, akapuliza, pumzi ikatoka mvuke. "Kwa nini madirisha yako wazi? Humu ndani ni baridi kupita kiwango."

Bibi Blia akasimama wima. "Hilo si letu! Hilo andika jina la Nesi!"

* * *

Jumanne Nesi Solveig alipokuja, alikuta madirisha yamefungwa na kusikia habari yote kutoka kwa watu wanne wanaoongea kwa wakati mmoja, Ingrid akiwa na sauti kuliko wote. Aliposikia la madirisha alicheka mpaka akavua miwani.

Akakalishwa mezani.

"Kula," Bibi Blia akasema.

"Oh, hapana, asante."

"Kula."

"Jamani, msijisumbue."

Bibi Blia akamwangalia. Alikuwa amefikiria jambo hili kwa juma zima. Akasogeza sahani mpaka ikagusa sweta la kulungu.

"Nesi. Kula."

"Haya, moja tu," Nesi Solveig akasema, na akala rolu mpaka Toufue akaanza kuhesabia zilizobaki kwa macho. Akala wali wa zambarau. Akaomba pilipili, akaijutia, akaomba tena. Katikati ya hapo Bibi Blia akaondoka mezani, akaelekea kwenye makoti, akakaa huko kwa kitambo, akarudi na chai kana kwamba ndiyo aliyokuwa anaichemsha.

Alipoaga, Maiyer akamsindikiza mpaka barazani. Nesi akavaa koti, akatia mkono wa kulia, akasimama. Akageuza pindo la mkono. Ndani, upande unaogusa ngozi, palikuwa na konokono mmoja mweupe, mdogo, ambaye asubuhi hakuwepo.

Nesi Solveig akamtazama Maiyer. Maiyer akatazama theluji.

Nesi akaitafuta ncha ya uzi kwa kucha, kama anavyotafuta kwenye vitu vyote vya watoto. Akavuta. Akavuta tena, kwa nguvu zaidi.

Haukutoka. Akateremsha pindo la koti, akaenda zake, anaendesha taratibu kwenye barabara aliyoifungua Toufue.